Kamera ndogo kwa mtu wa Tanga: ya bei nafuu, ya inchi moja, au ya kuzama majini?

Anayetafuta kamera ndogo hapa Tanga huja na swali la megapikseli. IXUS ameiona kwa muuza mitumba, RX100 ameambiwa ipo Dar, na shemeji yake kamsifia ile Olympus ya kuingia nayo baharini. Picha za mchana wa jua, ukizisafisha kwa ukubwa wa postikadi, hata mwenye studio atasita kukuambia ipi imetoka kamera gani. Zinaachana siku zinapogoma. Nani hapa mjini ataifungua? Spea itatoka wapi? Imekufa kiungo kimoja au imekufa yote?

Kwa hiyo ulinganisho huu nimeufanya kwa upande wa uimara na matengenezo. Niliyoyaweka humu ni ya wenye kamera wa Ngamiani, Chumbageni, Raskazone mpaka Pangani, pamoja na yanayosemwa kwenye meza za mafundi. Nikisimulia mtu aliyepatwa na balaa, sitaji kamera yake ni ya kampuni gani. Kamera moja kuharibika haihukumu kampuni nzima.

Makundi ni matatu. La kwanza ni kamera za mfukoni za bei nafuu: Canon IXUS 185, Sony Cyber-shot W800, Nikon Coolpix za kawaida, pamoja na PowerShot A za zamani zinazotumia betri za AA. La pili ni zile zenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuugeuza picha) ya inchi moja, Sony RX100 na Canon G7 X. La tatu ni zilizozibwa zisiingie maji, na kwa hapa kwetu hizo ni Olympus Tough TG-5, TG-6 na ndugu yao TG-7 anayeuzwa kwa jina la OM System, kwa kuwa kitengo cha kamera cha Olympus kilihamia kampuni nyingine mwaka 2021.

Kinachoziua hapa pwani

Kundi la kwanza na la pili zina ugonjwa mmoja, nao ni lenzi inayochomoza. Ukibonyeza kuwasha, mota ndogo inazungusha gia za plastiki, na mirija iliyoingiliana inatoka nje mmoja baada ya mwingine. Ndani yake unapita utepe mwembamba wa nyaya, ule mafundi simu wanaouita fleksi, unaopeleka amri kwenye shata, kile kipazia kinachofunguka picha inapopigwa. Nafasi kati ya mrija na mrija ni finyu kiasi kwamba chembe moja ya mchanga inatosha kuubana. Mota inasukuma, gia haziendi, kamera inagundua kwamba lenzi haijafika mahali pake, inajizima. Canon za zamani ziliandika E18 tu na kumwacha mtu na fumbo. Za baadaye zinaeleza kwamba lenzi ina hitilafu, uzime uwashe. Sony huleta namba zinazoanza na E:61. Ukizima ukawasha mara nyingi kwa hasira, gia ambayo ilikuwa imebanwa tu inakatika meno.

Lakini mchanga hauhitaji kuingia kwa siku moja. Lenzi inapotoka, kamera inavuta hewa ndani. Inaporudi inaitoa, kama mvukuto wa mhunzi. Hewa hiyo ikiwa ya barabara ya vumbi inayokwenda mashamba ya mkonge, vumbi linabaki ndani. Ikiwa ya Raskazone jioni upepo unapovuma kutoka baharini, inayobaki ni chumvi, na chumvi huvuta maji yaliyomo hewani. Ndiyo maana kamera ambayo haijawahi kuguswa na maji unaifungua unakuta vishikizo vya betri vina kutu ya kijani.

Halafu kuna kuvu. Kuvu hupenda giza, unyevu na hewa iliyotulia, yaani hasa kabati la nguo wakati wa masika, kamera ikiwa ndani ya kifuko chake cha ngozi ambacho mwenyewe anadhani kinaitunza. Ukimulika lenzi kwa tochi ya simu unaona nyuzi nyeupe zimetambaa kwenye kioo cha ndani. Zikikaa muda mrefu zinakula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na hapo hata fundi akisafisha, alama inabaki. Dawa yake ni rahisi: kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya, vikaushwe mara kwa mara.

Chanzo cha mwisho hakina uhusiano na pwani, ila mafundi wanakitaja sana. Kamera iko mkobani, kitu kinabonyeza kitufe cha kuwashia, lenzi inataka kutoka lakini imezuiwa na pochi na chaja. Mota haijui kwamba iko mkobani. Inasukuma mpaka gia inaruka.

Za bei nafuu: zinaugua sana, zinatibika

Hizi ndizo zimejaa mjini. W800 ilitoka mwaka 2014, IXUS 185 mwaka 2017. Zote zina megapikseli 20 na zote zina sensa ndogo. Nitasema wazi kwamba kama simu yako ni nzuri, kamera hizi zinakuongezea vitu viwili tu: lenzi inayovuta karibu bila kuharibu picha (mara 8 kwa IXUS, mara 5 kwa W800), na flashi ya kweli, ambayo taa ya simu haiifikii.

Mama mmoja anayekodisha magauni ya harusi Ngamiani amepigia picha mzigo wake kwa kamera ya aina hii kwa miaka, dukani, bila tatizo. Wajukuu wakaichukua kwenda nayo ufukweni Sikukuu. Ikarudi lenzi imetoka nusu. Akaipeleka kwa fundi simu.

"Shikamoo fundi."
"Marahaba, mama. Ilianguka au imeingia mchanga?"
"Imezima yenyewe tu."

Kila mteja huapa hivyo, na fundi kwa heshima habishani naye, huku akiigonga kamera kwenye kiganja mchanga udondoke. Ile ilipona. Alifungua skrubu, akapuliza, akasafisha gia kwa brashi na spiriti, lenzi ikarudi ndani. Si kila fundi simu anaweza, na si woga wa bure: kapasita ya flashi huhifadhi umeme wa volti 300 hivi hata betri ikiwa imetolewa, na vidole vya fundi vikiigusa kabla ya kuimaliza umeme atairusha kamera ukutani. Kama fundi wako hajui kapasita ile iko wapi, ichukue kamera yako uondoke.

Gia ikiwa imekatika, kinachobadilishwa ni lenzi nzima, na bei ya lenzi mpya inakaribia bei ya kamera yenyewe ya mtumba. Hapo ndipo kundi hili linapoyashinda mengine kwa mbali, kwa sababu linachinjika. Kamera ya mwenzio ilianguka ikapasuka kioo cha nyuma, lenzi yake nzima; yako imekufa lenzi, kioo kizima. Fundi anazaa moja kutoka kwa mbili. Hii inawezekana tu kama modeli ni ileile au ndugu wa karibu sana, na ndiyo sababu ya kununua modeli iliyozagaa kuliko ile ambayo ukiuliza mjini kote unaambiwa hawajawahi kuiona.

Za betri za AA nazo zina mashabiki, hasa wanaokwenda vijijini Pangani na Mkinga ambako si kila nyumba ina pa kuchajia. PowerShot A590 IS, Coolpix za L, na miongoni mwa zinazouzwa bado mpya, Kodak Pixpro FZ45. Tatizo lao wengi hulichukulia kuwa ni ubovu wa kamera: wananunua betri za kawaida za redio, kamera inapiga picha chache, lenzi inakwama katikati. Betri zile hazina nguvu ya kusukuma mota na kujaza flashi kwa pamoja. Nunua za kuchaji zilizoandikwa NiMH, milliampea-saa (mAh) 2000 au zaidi, pamoja na chaja yake. Baada ya hapo jiandae na ubovu wao wa pili, kijino cha plastiki kinachofunga mlango wa betri. Kinakatika, kisha unaona kamera ya watu imefungwa raba. Inafanya kazi vizuri tu, ila wageni wako watacheka.

Za inchi moja: picha tamu, fundi mbali

RX100 ya kwanza ilitoka mwaka 2012 na ya saba mwaka 2019. G7 X ilianza mwaka 2014, ikafuatiwa na Mark II mwaka 2016 na Mark III mwaka 2019. Sensa yake ina eneo la karibu mara nne ya zile za kundi la kwanza, na ukiwa ukumbini kwenye send-off saa nne usiku, taa za rangi zinazunguka, utaona fedha yako ilikokwenda. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu ni vumbi. Lenzi inachomoza vilevile, hewa inavutwa vilevile, lakini sasa vumbi linatua juu ya sensa kubwa, nawe huwezi kung'oa lenzi ukapangusa. Dalili yake ni madoa meusi yasiyohama, yanayoonekana kwenye anga au ukuta mweupe pale tundu la lenzi linapokuwa dogo. Malalamiko haya yamezisumbua kamera nyingi za daraja hili duniani, na Ricoh GR imo, ijapokuwa lenzi yake haivuti karibu kabisa. Kusafisha ni kuivua kamera yote, kutenganisha lenzi na sensa, na kuirudisha bila kuipotosha hata kwa unywele, la sivyo upande mmoja wa picha unatoka na ukungu.

Kijana mmoja wa Chumbageni anayepiga kitchen party na maulidi ana madoa matatu ya aina hiyo. Hapa mjini fundi alimwambia bila kuzunguka kwamba hataigusa. Akaituma Dar kwa basi, kilomita 350 hivi, ikakaa huko, akatajiwa gharama inayokaribia nusu ya aliyonunulia. Akasema irudishwe. Sasa anapiga ndani ya ukumbi, tundu limefunguliwa lote, madoa hayaonekani. Harusi za mchana bustanini anamwachia mwenzake mwenye kamera kubwa. Ni suluhisho la mtu mwenye akili, lakini amepoteza nusu ya soko.

Vipande vingine vya kundi hili pia ni vya kuangaliwa. RX100 kuanzia ya tatu ina kitundu cha kuchungulia kinachochomoza pembeni. Kifaa kimoja zaidi cha kuharibika. Betri yake, NP-BX1, ni ndogo na za bandia ni nyingi, nazo huvimba. Betri iliyovimba ikikwama ndani usiichokonoe kwa bisibisi. Na kuchinja hapa hakupo: nani atakupa RX100 mbovu kwa bei ya mchele? Hata mbovu inauzwa ghali, hasa tangu vijana walipoanza kuzitaka tena hizi kamera ndogo.

Za kuzama majini: haziugui, zinakufa

TG haichomozi kitu. Mwanga unaingia kwenye dirisha dogo la kioo, unapindishwa, na vioo vya lenzi vinasogea ndani kwa ndani. Mchanga hauna pa kubana. TG-6 ya mwaka 2019 na TG-7 ya mwaka 2023 zinaruhusiwa kuzama mita 15 na kuanguka kutoka mita 2.1. Kwa mtu anayeshinda kwenye mashua, hesabu hii inatosha kufunga mjadala.

Mpeleka watalii mmoja wa Pangani, anayewavusha wageni Kisiwa cha Maziwe, anayo ya aina hii na inamfanyia kazi kwa miaka. Siri yake ni ndoo. Akirudi tu, kabla hajala, kamera inakaa ndani ya maji baridi ya bomba, milango imefungwa, vitufe vinabonyezwabonyezwa chumvi itoke. Kisha inakaushwa kivulini. Mwenzake wa boti ya pili alikuwa na kamera kama ile. Siku moja alifungua mlango wa betri akiwa majini mpaka magoti, akaufunga na uzi wa taulo umelala juu ya mpira wa kuzibia. Mzamo uliofuata maji yakapita kwenye uzi. Haikutoa onyo lolote, ilizima tu, na fundi alipoifungua alikuta bodi nzima imeshikwa na chumvi.

Hili ndilo watu hawaambiwi dukani. Mpira ule huzeeka, na watengenezaji wenyewe wanashauri ubadilishwe kila mwaka. Ubadilishwaji wa kweli unafanywa mahali penye kifaa cha kupima mgandamizo, na hapa mjini sijaonyeshwa kifaa hicho kwenye meza yoyote. Maana yake, TG ikishafunguliwa na fundi wa mtaani, hata akiitengeneza ikawaka, tangu siku hiyo ichukulie kuwa ni kamera ya nchi kavu. Na waranti nyingi hazilipi maji yakishaingia, kwa hoja kwamba mlango uliufunga wewe. Kwa sababu hiyohiyo sishauri kununua TG ya mtumba kwa ajili ya kuzamia. Hujui imefunguliwa na nani.

Ukumbini usiku ni dhaifu. Sensa yake ni ndogo kama za kundi la kwanza, megapikseli 12, na bei yake si ya kundi la kwanza hata kidogo.

Balaa moja, kamera tatu

Zipange tatu juu ya meza. Mchanga wa Raskazone ukiingia: ya bei nafuu inagoma siku hiyohiyo na inaweza kupona kwa brashi, ya inchi moja inagoma vilevile, ila unasafiri nayo, TG unaisuuza unaendelea. Mvua ya ghafla ya masika: mbili za kwanza zitolewe betri haraka, zikaushwe kwa siku kadhaa bila kujaribiwajaribiwa, huku mwenyewe akiomba Mungu. Ikidondoka kwenye sakafu, ya inchi moja huumia zaidi kwa sababu ina uzito na lenzi ndefu. Betri kufa baada ya miaka: ya AA haijui shida hiyo, IXUS 185 hutumia NB-11L ambayo bado inapatikana, na zote tatu afadhali ukae na betri ya akiba mapema.

Muda nao unazitofautisha. Ya bei nafuu ukiisahau kabatini mwaka mzima utakuta kuvu. TG imezibwa, hivyo kuvu haipati njia rahisi, ila mpira wake unakauka. Ya inchi moja huwa haisahauliki kabatini. Imeuma mfuko mno.

Onyo kwa wapenda kamera za zamani

Vijana wanatafuta kamera za mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya rangi zake. Sawa, lakini mwaka 2005 kampuni kadhaa za kamera zilikiri kwamba baadhi ya sensa za CCD (aina iliyotumika kwenye kamera za zamani), zilizotoka Sony na kufungwa kwenye kamera za majina mbalimbali, zilikuwa zinakufa, na joto na unyevu ndivyo vinavyoharakisha. PowerShot A70 na A75 zilikuwamo. Matengenezo ya bure ya wakati ule yamekwisha zamani. Joto na unyevu ni Tanga yenyewe. Ukiona kioo cheusi, au picha ya zambarau yenye mistari huku menyu inaonekana vizuri, ni huo ugonjwa, usimlipe fundi akuchunguzie. Jambo jingine dogo: kamera za kadi za SD zilizotoka kabla ya mwaka 2006 kwa kawaida hazisomi kadi za zaidi ya GB 2. Wapo waliozitupa wakidhani mbovu, kumbe kadi tu.

Ukiwa mbele ya muuzaji

Nenda na betri iliyojaa na kadi yako. Washa, zima, rudia mpaka muuzaji akuangalie vibaya, huku umeiweka sikioni: mlio wa gia uwe mmoja laini, usisikie kukwaruza. Vuta lenzi mpaka mwisho, rudisha. Piga anga au ukuta mweupe kwa namba kubwa ya tundu (namba kubwa ni tundu dogo), kuza picha, tafuta madoa. Mulika lenzi kwa tochi, ubavuni, utafute nyuzi. Tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechunika, imeshafunguliwa, na kwa TG hapo hapo rudisha mezani. Fungua mlango wa betri uangalie kijani.

Nachagua hivi. Kwa nyumba, kwa duka, kwa mwalimu anayepiga picha za mahafali, chukua ya bei nafuu, na ukipata ya pili ya modeli ileile, hata mbovu, inunue uiweke iwe spea. Kwa anayelipwa kwa picha za usiku, ya inchi moja, ila kwenye bei weka na fedha ya kuisafisha mara moja, na usiipeleke ufukweni hata mteja akibembeleza. Kwa wa mashua, wavuvi na wanaopeleka wageni Maziwe, TG mpya yenye risiti, na ndoo. Anayetaka moja ya harusi na bahari kwa pamoja ndiye anayenisumbua. Huyo namwambia anunue ya inchi moja kwa kazi inayomlipa, na siku ya bahari amkodi mpeleka watalii yule wa Pangani ampigie kwa yake.